Msomaji wa Pambizoni

Kitabu kilichosemekana kimeibwa kilikuwa mezani, mbele ya macho ya Inspekta Fosca Bellemo, na hilo ndilo lililokuwa likimtia wazimu.

Kama kingekuwa hakipo, kazi ingekuwa nyepesi. Kitu kimepotea, unamtafuta aliyekichukua, unamtia pingu, unakwenda zako kunywa kahawa. Lakini tangu Ijumaa watu wazima na digrii zao walikuwa wakimwambia kwamba kitabu kipo na hakipo. Kipo, kwa sababu hiki hapa: tamthilia za Kilatini za kuchekesha, zilizopigwa chapa Venezia karibu miaka mia tano iliyopita, na mhuri wa Wakfu wa Zanchetta, mmiliki wa maktaba, kwenye ukurasa wa kwanza. Hakipo, kwa sababu kurasa zake zilikuwa tupu pembeni. Kitabu kilichoifanya maktaba hii ndogo ya Treviso ijulikane hadi ng'ambo kilikuwa na pambizo zilizojaa maandishi ya mkono. Mtawa mmoja wa kike, ilisemekana, alikisoma kikiwa bado kipya, akaandika kando ya mistari kila lililompitia moyoni.

Ijumaa kabati lilifunguliwa ili kitabu kiandaliwe kupigwa picha za rangi, kurasa zote, na wataalamu kutoka nje. Profesa Ludovico Arrighetti, ambaye jina lake lote lilijengwa juu ya maandishi yale, alikifunua na kupiga ukelele. "Kimebadilishwa! Wameiba chetu, wametuwekea kingine!"

Ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mtu mmoja tu, mkutubi Ersilia Gobbato.

"Bosi," alisema Sajini Manlio, akichungulia mlangoni na simu ya mezani mkononi, waya umenyooka hadi mwisho. "Mwendesha mashtaka tena. Anasema saa sita mchana anatia sahihi hati ya kumkamata yule mama. Anauliza wewe unangoja nini."

"Mwambie nangoja kuelewa."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Mwambie nimekwenda chooni."

Manlio akamung'unya maneno kwenye simu, akakata, akaingia. "Bi Ersilia amekuja na kibegi," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekiona. Nguo za kulala, sabuni, miwani ya akiba. Mama wa watu amejifungia mzigo wa jela mwenyewe, na analia kwa ndani ndani. Mimi moyo unaniuma, bosi, sikufichi."

"Moyo ukuume baadaye. Iole anasemaje?"

Iole Marchesan, fundi wa vitabu vya kale waliyemwita kutoka Bologna, hakuinua hata uso. Mwanamke mrefu, mikono mikavu, mdomo haunyamazi. Mbele yake alikuwa ameweka kitabu, na kando yake albamu ya picha ambazo Profesa alikuwa amezipiga miaka kumi na mitano iliyopita na kuipa maktaba zawadi. Picha za rangi nyeusi na nyeupe, kubwa kama ukurasa wenyewe, na ndani yake maandishi yale maarufu yanaonekana wazi.

"Iole anasema ana njaa," alijibu. "Na anasema kitabu hakijabadilishwa. Njoo uone, Inspekta. Kuna mtu mmoja hapa ambaye hajui kusema uongo, naye ni bungua."

"Nani?"

"Bungua. Mdudu anayetoboa karatasi. Hili hapa tundu kwenye kitabu: mstari wa nne, karibu na ukingo, umbo la koma. Hili hapa kwenye picha ya ukurasa huo huo. Mahali pale pale, umbo lile lile. Geuza ukurasa. Haya, jingine. Huwezi kuwaagiza wadudu wawili wakutobolee vitabu viwili sawasawa. Kitabu alichokipiga picha Profesa ndicho hiki."

Fosca akatazama, akatazama tena. Tundu kwa tundu, ni kitabu kimoja. Wazo lote la Ijumaa likaporomoka. Alipaswa kufurahi, akajikuta amekasirika.

"Sasa maandishi yamekwenda wapi? Yamepanda basi?"

"Yameoshwa," alisema Manlio haraka. "Shangazi yangu huko Vicenza alikuwa na jirani anauza vitabu vikuukuu. Walikuwa wanaviosha kurasa kwa dawa, zitakate, wapate wanunuzi."

"Kumbe huko Vicenza mkimaliza kula paka mnafua na vitabu," alisema Fosca, kwa utani wa zamani wanaotaniwa watu wa Vicenza.

"Na nyie wa Chioggia mnanuka samaki hadi ofisini, mimi nimesema kitu?"

"Mlaji paka anasema kweli," alisema Iole. "Zamani ilikuwa fahari kuosha. Ukurasa wenye maandiko ya watu uliitwa mchafu. Nimeona vitabu vilivyooshwa hadi unataka kulia. Lakini subirini kwanza. Sajini, funga hayo madirisha."

Manlio akafunga vibao vya madirisha. Iole akawasha taa yake ndogo ya mwanga wa zambarau na kuisogeza juu ya karatasi.

"Wino wa enzi zile ulikuwa na chuma," alieleza. "Unaandikwa mweusi, ukizeeka unakuwa wa kahawia, kama chai iliyolala. Ukiuosha, rangi inaondoka lakini chuma kinabaki ndani ya karatasi. Kwenye taa hii maneno yanarudi kama vivuli. Haijalishi umeosha mara ngapi."

Wote watatu wakainama. Taa ikapita ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Waliona alama ya kidole cha mtu. Waliona doa la nta. Herufi hawakuona hata moja.

"Mbona hakuna kitu?" aliuliza Fosca.

"Hakuna."

"Labda waliosha sana."

"Inspekta, nakwambia hakuna. Pambizo hizi hazijawahi kuguswa na kalamu tangu karatasi itoke kiwandani." Iole akazima taa. "Mimi mwenyewe sielewi. Kitabu ni hiki. Picha ni za hiki. Kwenye picha kuna maandishi, kwenye kitabu hayakuwahi kuwepo. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana na sijawahi kukutana na kioja kama hiki."

Manlio akajikuna kisogo. "Na mashahidi sita wameapa kwamba waliyaona. Nimeandika maelezo yao mwenyewe. Wanafunzi, mapadri, yule mama Mjerumani. Wote sita wamekuwa wendawazimu?"

Fosca alikuwa ameivuta albamu kwake, karibu na dirisha ambalo Manlio alikuwa amelifungua tena. Nje ukungu ulikuwa umetanda juu ya mfereji, huoni hata ng'ambo. Ndivyo ilivyokuwa na kichwani mwake. Alichukua kioo cha kukuzia, si kwa sababu alijua anatafuta nini, ila kwa sababu mkono ulitaka kushika kitu.

Aliyapitia maandishi mstari kwa mstari. Mwandiko mzuri, mdogo, umelala kidogo kuelekea kulia. Kwenye picha ya tatu aliona jambo dogo. Neno lilianza, likafika kwenye tundu la bungua, likaacha nafasi, likaendelea upande wa pili. Halikukatwa. Halikukosa hata herufi.

Akafungua picha nyingine. Huku nako mwandishi alikuwa ameliruka tundu, kama mtu anayepita kando ya dimbwi.

"Iole. Hili jalada ni la lini?"

"Hilo si la kwanza. Limewekwa upya miaka mia mbili hivi baadaye. Ona nembo ya ukoo."

"Una sindano?"

Iole alikuwa nayo, ndefu na nyembamba. Fosca aliomba ruhusa kwa macho, akapewa, akaiingiza taratibu kwenye tundu lililokuwa juu ya jalada. Sindano ikapita ngozi, ikapita ubao, ikatokeza kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye tundu lile lile lenye umbo la koma, bila kugusa popote.

"Kwa hiyo bungua aliingia kupitia jalada jipya," alisema polepole. "Akala ubao, akaingia kwenye kurasa. Maana yake alikula baada ya jalada kuwekwa. Wakati huo mtawa wetu ameshakufa zamani."

"Ndiyo."

"Sasa niambie alijuaje pa kuruka?"

Iole akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepigwa kofi. "Mama yangu wee. Tundu lilikuwepo kabla ya maneno."

"Lilikuwepo kabla. Na maneno hayako kwenye karatasi." Fosca akaipiga albamu kwa kidole. "Yako hapa. Yaliandikwa juu ya picha, na picha ikapigwa picha tena."

Manlio alikuwa ameelewa nusu. "Na wale sita, bosi?"

"Wapigie simu. Waulize swali moja tu: siku ile ulishika nini mkononi?"

Sajini akatoka. Walisikia sauti yake koridoni, adabu nyingi, samahani kwa usumbufu, swali, asante sana. Alirudi na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Wanne walikuwa wamepatikana, na wote wanne walisema neno moja. Albamu. Kanuni ilikuwa imebandikwa pale pale ukutani mwa chumba cha kusomea, na kila mmoja wao alikuwa ameitii bila kunung'unika: kitabu kilichokwisha kupigwa picha hakitolewi, zinatolewa picha zake. Kitabu kilitunzwa vizuri mno hata hakuna aliyekiona. Wasomi wa nchi nne walikuwa wameandika makala juu ya picha za Profesa wakidhani wameandika juu ya kitabu.

"Basi yamekwisha!" alisema Manlio. "Hakuna wizi. Yule mama aende nyumbani na kibegi chake."

"Hayajaisha," alisema Fosca, na sauti yake ilikuwa nzito. "Yamekuwa mabaya zaidi. Yeye hakusema albamu. Yeye ameapa kwamba kila Agosti, maktaba ikifungwa, anakitoa kitabu chenyewe, anakifungua ukurasa kwa ukurasa, anakipepea, anatia sahihi. Mara kumi na tano. Kama ni kweli, basi alijua kuwa ni kitupu. Basi alishirikiana na Profesa kudanganya dunia nzima. Mwizi si mwizi tena, ni tapeli. Na hati ya saa sita inabadilika neno moja tu."

Iole alijifanya anafuta taa yake.

Bi Ersilia Gobbato alikuwa ameketi wima kwenye chumba cha pili, koti mapajani, kibegi kimegusana na kiatu chake. Mwanamke wa miaka sitini, nywele zimebanwa vizuri. Fosca alivuta kiti, akakaa karibu kuliko kanuni zinavyotaka, na akaacha mlango wazi.

"Bi Ersilia, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Yale maandishi uliyaona kwa macho yako?"

"Niliyaona."

"Kwenye kitabu. Siyo kwenye picha."

"Kwenye kitabu. Sahihi zangu zipo, Inspekta, mnazo."

"Katika yote aliyoandika yule mtawa, ulipenda lipi?"

Swali hilo hakulitarajia. Uso ukalegea, na Fosca akaona jinsi alivyokuwa labda miaka ishirini nyuma. "Kuna mahali mtumwa anamdanganya bwana wake mzee kwa ujanja mkubwa, hadi bwana ndiye anayeomba msamaha. Kando yake mtawa ameandika: Hapa nimecheka peke yangu, na dada wengine wamelala." Alisawazisha koti mapajani. "Mume wangu alipofariki nilikuwa naisoma hiyo kila asubuhi kabla wasomaji hawajaja. Najisemea, haya, hata yeye alikuwa peke yake, na alicheka."

"Na wino wake ulikuwa wa rangi gani?"

"Kijivu," alisema Bi Ersilia bila kusita. "Kijivu kilichoiva, na mwishoni mwa mistari unafifia."

Kutoka chumba cha kwanza walisikia Iole akiacha kufuta taa.

Fosca alijisikia vibaya, kama mtu aliyemwekea mgonjwa mguu njiani. "Bi Ersilia, wewe umeishi na karatasi za kale kuliko mimi nilivyoishi na wezi. Wino wa zama zile ukizeeka unakuwa wa kahawia. Wa kijivu uko kwenye picha tu."

Mkutubi alitazama mikono yake. Akafungua vifungo vya koti lililokuwa mapajani, kimoja kimoja, akavifunga tena.

"Aliniambia wino unabanduka," alisema hatimaye. "Profesa. Alisema ukikifungua tu maneno yatadondoka kama unga, na kosa litakuwa langu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepewa funguo. Agosti ya kwanza nikakitoa kwenye sanduku, nikakishika, nikaogopa kukifungua, nikakirudisha. Nikasema mwakani. Mwakani nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa nimeshatia sahihi ya uongo."

"Hukuwahi kukifungua."

"Hata siku moja."

"Na ulikuwa tayari kwenda jela kwa wizi kuliko kusema hivyo? Mama, mbona unanichanganya!"

"Mwizi wa vitabu angalau amevifungua," alisema Bi Ersilia. "Mkutubi asiyejua kitabu chake kina nini ndani ni kitu gani? Ningeitazamaje Treviso?"

Fosca alikuwa amehoji majambazi waliouficha ukweli ili wasifungwe. Huyu alikuwa ameuficha ili afungwe, na hata sasa, akiwa na jibu mkononi, hakuweza kusema kwamba ameelewa. Alimweleza yaliyobaki kwa ufupi: bungua, sindano, taa. Bi Ersilia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na yeye mtawa?"

"Hakuwepo."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, yale aliyokuwa ameyabana tangu Ijumaa. Hakulilia kazi yake, maana alishajua kuwa imekwenda, sahihi kumi na tano si mchezo. Alimlilia mtu. Fosca alimpa leso na kukaa naye.

Profesa Arrighetti alifika kabla ya saa sita kidogo, skafu ya hariri shingoni, mvi zimechanwa. Alikuwa ameitwa kutia sahihi malalamiko yake. Aliingia akisema, "Natumaini mmemaliza aibu hii," kisha akaiona taa ya zambarau juu ya meza, na sindano ikiwa bado imesimama kwenye tundu la jalada. Akavua kofia yake taratibu.

"Kaa, Profesa," alisema Fosca. "Nisomee hapa. Neno hili linaruka tundu. Tundu ni la miaka mia mbili baada ya neno. Mimi si msomi, nieleweshe."

"Kuna maelezo kadhaa."

"Nipe moja."

Alitazama picha kwa muda. "Kungekuwa na maelezo," alisema, "kama siku ile nisingekuwa mvivu wa kuyakata maneno penye matundu."

"Kwa nini uliyaandika?"

"Kwa sababu kilikuwa kitupu!" Sauti ilimpanda ghafla, na Manlio akasogea hatua moja. "Nilizunguka maktaba ngapi kutafuta msomaji mmoja, mmoja tu, aliyecheka na tamthilia hizi zikiwa mpya. Nikafika hapa, nikafungua, pambizo nyeupe hadi mwisho. Miaka mia tano, Inspekta, na hakuna aliyekisoma. Hakuna hata aliyepiga mstari. Nilitaka kuandika ukurasa mmoja tu, kwa ajili ya mhadhara, niwaonyeshe wanafunzi jinsi ambavyo ingekuwa. Wakanipigia makofi." Akajipangusa uso. "Sasa siku nyingine nasahau kwamba niliyaandika mimi. Nakwambia kweli. Ijumaa nilipokifunua, kwa dakika nzima niliamini kimebadilishwa."

Fosca alimtazama machoni akitafuta uongo, na hakujua kama ameuona au la. "Na dakika ya pili?"

Profesa akaanza kuilegeza skafu shingoni.

Bi Ersilia alikuwa amesimama kwenye mlango wa kati. Hakuna aliyemsikia akija. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilitoka kavu.

"Ludovico. Ungeniacha nifungwe?"

Simu ilianza kulia koridoni. Manlio akamtazama bosi wake, bosi wake akatikisa kichwa, na simu ikaachwa ilie. Profesa aliangalia kitabu, aliangalia kofia yake, aliangalia kila kitu chumbani isipokuwa yule mwanamke.

"Ndiyo," alisema.

Bi Ersilia akavuka chumba. Alivuta karatasi tupu kutoka kwenye rundo la Sajini, akaiweka mbele ya Profesa, akaweka kalamu juu yake.

"Basi liandike hilo," alisema. "Kwa mwandiko wako mwenyewe."